Deni la Transfoma

Walipouliza pale makaburini Igoma,
"Kama kuna anayemdai marehemu, ajitokeze,"
nilimeza mate.
Elfu kumi na nne, Leokadia.
Transfoma moja, waya, na risasi ya kulehemu.
Mwaka tisini na tatu. Niliandika kwenye daftari,
na daftari ninalo.

Ulikuja kibandani kwangu Makoroboi
na gambuti nyeupe za kiwandani,
magamba ya sangara mpaka kwenye nyusi,
gitaa limefungwa ndani ya kiroba cha chumvi.
Nikakuambia, binti, spika hii itapasuka.
Ukasema, iache ipasuke, fundi, nataka iliyopasuka.
Miaka yote natengeneza redio zisikwaruze,
hajawahi kutokea mtu wa kunilipa nimkwaruzishie.
Wala wewe hukunilipa.

Mji mzima ulikuwa rumba, leso ya jasho mkononi,
gitaa la solo likibembeleza kama mke aliyekwisha kusamehe.
Wewe ukapanda jukwaani Kirumba, ukumbi wa bia za moto,
kichwa kiduku, umekipaka mafuta ya samaki kisimame,
ukazipiga nyuzi zote kwa mkupuo mmoja
na mbwa wa Mabatini wakaitikia.

Mishiko mitatu. Hiyo tu ndiyo uliyoijua.
Watu wakacheka: huyu gitaa halijui.
Hawakuijua barafu.
Saa kumi umesimama ukichuna minofu,
minofu ya kupanda ndege usiku uleule,
vidole vinakufa kimoja kimoja kama taa za mtaani.
Vilivyobaki hai ndivyo ulivyokuja navyo.

Na bendi mkaiita Mapanki.
Nani Mwanza asiyeyajua mapanki?
Kichwa, mkia, uti wa mgongo umesimamisha miiba,
kile kinachobaki mnofu ukishakwenda kwa wenyewe.
Ulisema kwenye kipaza sauti, bila salamu:
"Hiki ndicho walichotuachia. Haya, tukipige."
Dakika mbili, wimbo umekwisha.
Mtu hajaamua kama amekasirika, wa pili umeshaanza.

Sikuupenda muziki wako. Sitakudanganya leo.
Nilikuwa naja kuiangalia transfoma yangu isiungue.
Nasimama kando ya spika, kiganja juu yake, napima joto,
na usiku mmoja, sijui wimbo gani, zote kwangu zilifanana,
nikakuta kiganja bado kipo pale
na joto nimeshasahau kulipima.

Wakaja watoto baada yako,
wa Igogo, wa Pasiansi, hata wa kuvuka na kivuko kutoka Kamanga,
wakiniletea spika nzima nizitoboe kwa msumari.
"Kama ya Leokadia, fundi."
Nyumba yangu ya Buhongwa nimeijenga kwa kuharibu spika.
Hilo sikukuambia.

Bugando, wodi ya juu, ulikuwa kifua na macho.
Mtungi wa hewa ukikoroma pembeni, ukanyoosha kidole:
"Sikiliza, fundi. Kuna waya umelegea."
Nikainama, nikasikiliza.
Kweli, ulikuwa umelegea.

Kwaya imeimba vizuri mno. Sauti nne, hakuna aliyekosea.
Gitaa liliachwa barazani, kwenye kiroba chake,
na paa la kanisa linavuja upande huohuo.

"Hakuna anayedai?" kaka yako alirudia.
Mkono wangu ukapanda. Vichwa vikageuka.
Nikasema, mimi nadaiwa.
Wakanong'onezana, mzee amechanganyikiwa.
Kiasi gani? akauliza kaka yako, kwa upole wa msibani,
nami nikafungua daftari, nikafunua, nikafunua,
mvua ikianza tena kulowesha tarakimu.
Akanipa kiroba nikabebe.

Sasa ni saa mbili usiku, Makoroboi wamefunga.
Nimechomeka. Maji yameingia ndani,
inakwaruza vibaya sana.

Siigusi.